Gari Nililolijaza Upepo Lisiuzike

Mliniacha Jumamosi iliyopita ndani ya gari lisilowashwa, mimi na mwanangu Jenifa, tunakula viazi vya kukaanga kwenye kiti cha nyuma kama watu walio safarini. Najua wengi mlicheka. Chekeni tu. Nyumba ikikosa mtu wa kuongea naye, kila mmoja hutafuta pake pa kukaa.

Kwa aliyenikosa huko nyuma: mimi ni Elieth, na mume wangu Damas aliondoka Dodoma miezi tisa iliyopita kwenda Geita kuchimba visima vya maji. Alituachia chumba na sebule hapa Miyuji, na gari letu la familia, rangi ya fedha, buti pana. Mwanzo alipiga simu kila jioni. Kisha kila Jumapili. Kisha ukabaki ujumbe wa maandishi, na wa mwisho ulikuwa na maneno sita: “Uza gari. Ibrahimu dalali ataleta wateja.”

Hakuuliza Jenifa anaendeleaje.

Nilikuwa na imani yangu, ya kijinga lakini ya kwangu. Mwanamume anaweza kumsahau mke. Gari halisahau. Damas aliliosha lile gari hata siku ya mvua. Nikajiambia, gari likiwa uani, Damas hajaondoka, amechelewa tu.

Basi leo naungama.

Wateja wawili wa kwanza niliwafukuza kwa mdomo. Mmoja nilimwambia gari linakunywa mafuta kuliko ng'ombe anavyokunywa maji kiangazi. Wa pili nilimwambia kadi ya gari imepotea, kumbe iko kwenye ndoo ya unga, nimeiviringisha kwenye nailoni. Ibrahimu alikasirika mpaka akavua miwani yake ya jua.

“Mama Jeni, ukimfukuza na wa tatu, nampigia mumeo.”

“Mpigie,” nikamwambia. “Ukimpata, nisalimie.”

Kwa yule wa tatu nikaamua kutumia elimu.

Nasoma masomo ya jioni, kidato cha nne cha watu wazima, na kipindi cha fizikia nilikisikiliza nikiwa nimembeba Jenifa mgongoni. Mwalimu alitufundisha kanieneo kwa mfano wa tairi. Upepo ukiwa wa kiasi, tairi linameza shimo. Ukizidi, tairi linakuwa jiwe, na kila kokoto utaisikia kwenye uti wa mgongo. Niliandika vizuri kabisa kwenye daftari. Sikujua nitakuja kufanyia nini.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikalipeleka gari kwa fundi wa pancha.

“Weka hamsini na tano.”

“Dada, hii gari ni thelathini na mbili.”

“Hamsini na tano. Zote nne.”

Akanitazama, kisha akatazama buti. “Unabeba saruji?”

“Wewe jaza.”

Akajaza. Alipomaliza akaligonga tairi kwa spana, likalia kama ngoma. “Usikimbie nayo lakini. Jua likipanda, lami ikichemka, hizi zinapasuka kama puto. Mimi nimesema, na shahidi yangu Mungu.”

“Haliendi popote,” nikamjibu.

Njiani kurudi nyumbani Jenifa alirushwa mpaka akashikwa na kwikwi kwa kicheko. “Mama, gari linaruka!”

Moyo wangu ukatulia. Nani atanunua gari la kuruka?

Saa nne wakaja. Ibrahimu mbele, nyuma yake bwana mmoja mpana aliyevaa kofia ya turubai, na mkewe mwenye mimba iliyokwisha kujionyesha. Gaudence na Paskazia. Wakulima wa mpunga, kutoka Bahi.

“Mbukwenyi,” mke akanisalimu kwa Kigogo chao. Mimi ni wa Singida, Kigogo changu cha kuokoteza, lakini salamu naijua. Nikaitikia. Akafurahi kama nimempa zawadi.

Gaudence akalizunguka gari. Paskazia akazunguka upande wa pili. Wakakutana nyuma.

“Liko chini,” mume akasema.

“Liko juu,” mke akasema. “Mimi na tumbo hili nitapandaje?”

“Miezi mitatu ijayo hutakuwa na tumbo hilo.”

“Nitakuwa na mtoto mkononi. Wewe unadhani mtoto ni mwepesi kuliko tumbo?”

Niliwatazama. Siwezi kuwaficha, nilisikia wivu, na haukuwa wivu wa gari wala wa mimba. Ilikuwa miezi tisa sijabishana na mtu. Ukikaa peke yako, kila unalosema ni sahihi, na hakuna kitu kinachochosha kama hicho.

Gaudence akaingia kwenye kiti cha dereva, akabonyeza honi. Ikalia kwa sauti nene, ya kushtua mtaa.

“He! Hii si honi ya lori?”

Kabla sijajibu, Jenifa alitoka ndani mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

“Baba! Baba amekuja!”

Akafika mlangoni kwa dereva. Akamwona mtu mwenye kofia ya turubai. Akasimama pale pale, kidole mdomoni.

“Ni honi ya baba yake,” nikaeleza. “Aliitoa kwenye lori bovu akaifunga mwenyewe. Akitoka kazini alikuwa anapiga mbili fupi na moja ndefu. Mtoto anaijua.”

Gaudence akashuka polepole. “Nisamehe, mwanangu,” akamwambia Jenifa. “Sikujua.”

Ibrahimu akaingilia. “Jamani, tuongee biashara. Tazameni namba. Namba D hii! Ingekuwa C, ya usajili wa zamani, mngelia siku ya kuuza. Rangi ya fedha haikosi mteja. Mnaitumia miaka miwili, mnaiuza kama mlivyoinunua. Hii ni akiba yenye matairi.”

“Baba, hiyo namba nitailalia?” Paskazia akamuuliza. “Mimi nataka kujua mgongo wangu utafika Bahi ukiwa mmoja au vipande viwili.”

“Basi tulijaribu,” Gaudence akasema. “Twende Msalato. Kuna vumbi na kuna lami, tutaliona lote.”

Ibrahimu akageuka haraka. “Msalato leo mnada, kaka. Watu, mbuzi, fujo tupu. Twende Ihumwa.”

“Ihumwa nina nini mimi?”

“Msalato kuna nyama choma,” Paskazia akasema, mkono tumboni. “Huyu ameshaisikia. Ni Msalato.”

Mjadala ukaishia hapo. Nikakumbuka baadaye jinsi Ibrahimu alivyotoa simu, akaandika kitu haraka haraka, akairudisha mfukoni.

Gaudence akaendesha, Ibrahimu pembeni yake. Nyuma tukakaa Paskazia, mimi, na Jenifa mapajani kwangu.

Tuta la kwanza tu, Paskazia akaruka. “Uwii!”

Tuta la pili, meno yangu yakagongana. Nikatazama dirishani nisionekane natabasamu.

Lakini mbele naona Gaudence anacheka.

“Mke wangu! Unaona usukani huu? Naugeuza kwa kidole! Kimoja!”

Akatuonyesha kidole. Ndipo akaeleza: bega lake la kulia lilivunjwa na maksai, msimu wa kulima uliopita. Pikapu lao usukani wake mgumu, kila kona ni chozi. “Hii inakwenda kama imepakwa siagi!”

Ndugu msomaji, hilo mwalimu hakulifundisha. Tairi likiwa jiwe, abiria anaumia, lakini dereva anapata usukani mwepesi kama unyoya. Nimelifanya gari liwe baya, na nimelifanya lipendeze, kwa upepo ule ule.

“Wewe unaufurahia usukani,” Paskazia akalia, “sisi huku nyuma tunapepetwa!”

“Magari yote yanadunda.”

“Hili linanidunda mimi!”

“Ni shokapu tu, mama,” Ibrahimu akadakia. “Shokapu zinabadilishwa. Namba haibadilishwi.”

Tukaendelea hivyo mpaka nyumba zikaanza kupungua, na jua lilikuwa limeshika. Upepo ulioingia dirishani ulikuwa wa moto. Mbele yetu lami ikanyooka kuelekea kule kwenye uwanja mpya wa ndege, tupu, inameta kama imemwagiwa maji.

Gaudence akakaza kofia. “Haya. Bega limefurahi. Sasa nataka nione likifika mia na ishirini linatulia au linayumba.”

Nikamkumbuka fundi wa pancha.

Zinapasuka kama puto.

Nikajipa moyo. Kilomita moja tu. Akiona linayumba atalikataa, na kesho gari liko uani kwangu. Si ndicho nilichokitaka?

Paskazia akaushika mkono wangu. Hakuniomba ruhusa, aliushika kama dada, akauweka tumboni kwake. “Hebu sikia. Anavyorushwa, na yeye anarudisha mateke.”

Nikasikia. Teke dogo, la hasira.

“Miaka saba tumemsubiri huyu,” akaniambia taratibu, mume asisikie. “Nikikaa kwenye gari naogopa hata shimo. Lakini yeye bega lake, nitasemaje?”

Jenifa alikuwa amelala, kichwa kifuani kwangu, jasho limemkaa puani. Gari likaanza kuvuta. Themanini. Tisini.

“Simama!”

“Nini?” Gaudence akauliza, mguu bado juu ya mafuta.

“Simamisha gari! Kaka Gaudence, nakuomba kwa jina la Mungu, punguza, polepole, usikanyage breki ghafla!”

Akapunguza. Akatoa gari pembeni, karibu na mnada wa Msalato, mahali moshi wa nyama na vumbi la mbuzi vinapokutana. Akazima. Wote wakanigeukia.

Nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja: fundi, hamsini na tano, tairi kulia kama ngoma, puto, jua, lami.

Kipaza sauti cha mnadani kikatukatiza, mtu anatangaza kwa sauti ya kukwaruza: “Tangazo, tangazo! Kuna beberu mweusi, pembe moja, kamba ya bluu shingoni, yuko hapa kibanda cha ushuru. Mwenyewe ajitokeze. Ikifika saa tisa hajaonekana, harufu mtakayoisikia msituulize!”

Hakuna aliyecheka.

“Ungetuua,” Gaudence akasema.

“Najua.”

“Na mwanao mwenyewe yumo!”

“Najua, kaka.”

“Mwanamke mwendawazimu!” Ibrahimu akafoka. “Nitamwambia mumeo! Nitamwambia kila kitu!”

“Nyamaza wewe,” Paskazia akamkata. Kisha akanigeukia. Nilitegemea kofi. “Kwa nini, mdogo wangu?”

“Nilitaka mume wangu akirudi alikute.”

“Alikute gari?”

Nikajaribu kujibu ndiyo. Halikutoka. “Atukute,” nikasema.

Paskazia akafungua mlango, akashuka, akaenda kusimama kwenye kivuli kidogo cha gari, ametugeuzia mgongo. Sikujua analia au ana hasira. Gaudence akavua kofia, akajifuta, akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

“Haya,” akasema hatimaye. “Kuna fundi pale. Tupunguze.”

Fundi akaja na geji yake. Akapima tairi la kwanza, akapiga mluzi. Upepo ukatoka ukipiga kelele kama nyoka aliyekanyagwa, tairi moja baada ya jingine, na mimi nikasimama nausikiliza. Ujanja wangu wote ulikuwa unatoka kwenye tundu dogo namna ile.

“Thelathini na mbili,” fundi akasema. “Sasa ni gari.”

“Panda, tujaribu mara moja, halafu tukale,” Gaudence akamwambia mkewe.

Tukapita njia ya vumbi nyuma ya mnada, yenye makorongo ya kwato na magurudumu. Gari likaenda likibembea, shimo likija linalimeza, kokoto hatuzisikii. Paskazia alikuwa amefumba macho. Nilidhani anaomba.

“Gaudence,” akaita.

“Naam.”

“Hapa nalala mpaka Bahi.”

“Usukani umekuwa mzito.”

“Umekuwa mzito kama wa pikapu?”

Akajaribu kona moja. Akajaribu nyingine. “Hapana. Si kama wa pikapu.”

“Basi. Bega lako lina mke wa kulichua. Mgongo wangu utachuliwa na nani, maksai?”

Gaudence akacheka, na safari hii hata mimi nilicheka. Akarudisha gari pale pale kando ya mnada, akazima, akanigeukia na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

“Mama Jeni, tunalichukua.”

“Baada ya niliyofanya?”

“Kwa ulilosema. Nimezungushwa na madalali miezi mitatu. Hakuna muuzaji aliyenitajia kasoro ya gari lake akiwa ndani yake. Wewe umenitajia hata ya kujitengenezea. Mtu akisema hilo, mengine yote namwamini.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nilidanganya wateja wawili wakakimbia bila gari. Siku niliyosema kweli, gari likauzika.

Ibrahimu alishasahau hasira, anapangusa miwani. “Nilisema! Namba D! Kaka, tumalize, kadi ipo—”

“Bado,” Gaudence akasema. “Nataka sauti ya mumewe.”

“Mume ameshakubali. Ujumbe ninao.”

“Ujumbe hauna mdomo. Mwaka juzi nilinunua fahali kwa mama mmoja pale Bahi, mumewe yuko safari. Bwana akarudi, akaja zizini kwangu na ndugu wanane. Fahali alirudi kwao kwa miguu yake, mimi nikabaki na kamba. Mali ya mke na mume, nasikia wote wawili.”

“Huko Geita mtandao hakuna,” Ibrahimu akasema. Alisema haraka mno.

“Hapokei simu zangu, kaka,” nikamwambia Gaudence. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu. “Wiki tatu sasa. Inaita mpaka inakatika.”

Paskazia akanishika bega. Gaudence akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu yake. “Nitajie namba. Yangu haijui.”

Nikaitaja. Naijua kuliko jina langu. Akapiga, akasikiliza.

Mlio wa pili tu.

“Bwana Damas? Habari za kazi. Mimi ni mteja wa gari. Nakupa mama Jeni.”

Akanipa simu. Mimi niliyepiga mara arobaini nikakosa jibu, namba ngeni imepokelewa mlio wa pili.

“Halo?” nikasema.

Akanitambua. “Elieth.”

Sauti yake. Ndugu zangu, nilikuwa nimepanga matusi. Yalipotea yote. “Hujambo, baba Jeni?”

“Sijambo. Kazi nyingi, mke wangu. Huku Geita mvua inanyesha, hatuna hata muda wa kula.”

“Pole.”

“Huyo mteja ni mzuri? Mwuzie. Uza leo leo.”

“Jenifa anakuulizia.”

“Mwambie nakuja. Mvua ikikatika tu.”

Sikio langu la kushoto lilikuwa wazi, na kipaza sauti cha mnadani kikaanza tena: “Tangazo, tangazo! Beberu mweusi, pembe moja, kamba ya bluu...”

Na sikio la kulia, ndani ya simu, nyuma ya sauti ya mume wangu, kwa kuchelewa kidogo tu kama mtu anayefuatisha sala: “...pembe moja, kamba ya bluu shingoni, yuko hapa kibanda cha ushuru...”

Nikatazama mbele. Watu, moshi, miavuli, mamia ya migongo. Jua kali, hakuna hata wingu la kuazima.

“Mvua kubwa, baba Jeni?” nikauliza.

“Kubwa sana.”

Nikamgeukia Ibrahimu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Anasemaje?” Gaudence akanong'ona. “Anakubali?”

Sikumjibu. Nilimlaza Jenifa kitini, nikashuka, nikafungua mlango wa dereva. Gaudence akanitazama usoni, akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Nikakaa kwenye kile kiti. Simu ilikuwa bado sikioni.

“Elieth? Uko?”

“Niko,” nikasema.

Nikaweka kiganja kwenye honi. Mbili fupi. Moja ndefu.

Niliisikia mara mbili: mara moja chini ya mkono wangu, na mara moja ndani ya simu.

Nyuma yangu Jenifa akaamka, akakaa wima, nywele zimemlala upande mmoja. “Mama,” akasema, “baba amefika?”

Simu haikukatwa. Nilikuwa namsikia anapumua.